Mathenge inachipua kila ikikatwa: dawa gani inaua mzizi?

Mchunga wa Marigat
Habari wadau. Malisho ni ekari 12 karibu na Marigat, Baringo, Kenya, ya mbuzi na ng'ombe wachache. Mathenge (Prosopis juliflora, ule mti vamizi wa miiba) ziko za namna tatu: miche ya kufika magotini, vichaka vilivyochipua kwenye visiki vilivyokatwa kwa panga mwaka jana, na miti mikubwa michache yenye unene wa paja. Upande mmoja kuna lagga (korongo la maji ya msimu) inayoteremka kuelekea mto Perkerra. Duka la pembejeo limependekeza glaifoseti, dawa ya kuua magugu, inyunyizwe kila mahali, majani kwa mashina. Inafaa? Kama haifai, ni dawa gani, kwa kipimo gani, na nyasi itapona?

Nyasi Kwanza
Glaifoseti hapo hapana. Itaua nyasi pamoja na mathenge, na nyasi ndiyo unayoitafuta. Tena haipenyi gome, kwa hiyo ukiipulizia shina lisilokatwa umemwaga pesa.

Kwa malisho tafuta triklopiri. Huua mimea ya majani mapana na kuiacha nyasi hai. Chukua ya aina ya esta, ile inayochanganyika na dizeli. Ile ya chumvi ni ya maji. Ukiitia kwenye dizeli inajitenga ndani ya pampu, miti mingine ipate dawa kali na mingine dizeli tupu.

Kuhusu panga: macho ya kuchipua yako kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya uso wa ardhi. Panga linapita juu yake, yanaamka yote kwa pamoja, na shina moja linarudi likiwa matano au sita. Dawa isipofika kwenye shingo hiyo, hujafanya kitu.

Fundi wa Pampu
Naongezea vipimo. Lebo za Australia, ambako mti huu umewasumbua wafugaji miaka mingi, zinasema lita 1 ya triklopiri yenye gramu 600 kwa lita ichanganywe na dizeli lita 60. Kwenye pampu ya lita 15 hiyo ni mililita 250. Ukipata yenye gramu 480 kwa lita, nguvu ileile inataka kama mililita 310. Hata hivyo lebo ya dawa iliyosajiliwa na PCPB (bodi inayosajili dawa za kilimo) hapa Kenya ndiyo inayotawala. Isipotaja miti au vichaka, usinunue.

Mashina yasiyozidi sentimita 5 kwa upana hayahitaji kukatwa. Pulizia gome kuanzia ardhini hadi sentimita 30 au 40 kwenda juu, kuzunguka pande zote, hadi dawa ianze kutiririka na kulowesha pale shina linapoingia udongoni. Ukiruka upande wa nyuma kwa sababu ya miiba, upande huo utachipua. Futa kwanza tope lililoganda shinani, na usifanye kazi gome likiwa na umande au mvua, maana maji huzuia dizeli isipenye.

Miti minene ikate chini kabisa, kisiki kisizidi sentimita 10. Mmoja anakata, mwingine amesimama na brashi na dawa tayari, apake papo hapo. Kisiki hujifunga haraka. Ukikata asubuhi ukapaka jioni, dawa inabaki juu. Katikati ya kisiki hapana kazi, ni mbao iliyokufa. Paka ukingo ulio chini ya gome, kisha teremsha brashi ubavuni hadi kwenye udongo.

Pampu yenyewe: dizeli huvimbisha mipira ya kawaida. Nunua pampu yenye mipira inayostahimili mafuta, la sivyo itakuvujia mgongoni. Presha iwe ndogo na nozeli itoe matone makubwa. Glavu za naitraili, miwani, aproni, na buti ngumu, kwa sababu mwiba wa mathenge unatoboa soli ya gambuti. Sigara iwe mbali.

Mchunga wa Marigat
Ahsanteni sana. Vile vichaka vilivyochipua viko kiunoni na vina majani mengi. Siwezi kupulizia majani tu kwa dawa ya maji? Dizeli ya ekari 12 ni gharama.

Nyasi Kwanza
Kwa miche iliyoota kutokana na mbegu, sawa, kama haijapita mita moja na nusu. Subiri mvua ndefu ziikolee hadi majani yafunguke vizuri. Wakati wa kiangazi majani yamejikunja na utomvu hausafiri, dawa haishuki. Nyunyiza asubuhi upepo ukiwa mdogo.

Vichaka vya visiki ni jambo jingine. Kichaka kiko kiunoni lakini mzizi ni wa mti mzima. Majani ya kichaka hayabebi dawa ya kutosha mzizi mkubwa. Yataungua, utafurahi, na mvua ijayo machipukizi yatarudi. Hapo pulizia magome, kila chipukizi bila kuacha hata moja, kwa kuwa moja tu linalobaki linaulisha mzizi wote.

Gharama ipime hivi: jaza pampu, pulizia mashina 20 ya unene tofauti, angalia umetumia kiasi gani, kisha hesabu mashina ya ekari moja. Anza na miti iliyotawanyika, msitu mnene uache mwisho. Siku moja kwenye ile iliyotawanyika inakomboa eneo kubwa zaidi.

Kando ya Maji
Kwenye lagga msipeleke dawa wala dizeli. Mvua moja kubwa na yote iko Perkerra, na watu wanamwagilia mashamba kwa maji hayo. Hapo chimba kwa sururu, ukate mzizi angalau sentimita 30 chini ya ardhi.

Tena ukiuziwa mchanganyiko wenye pikloramu, dawa nyingine ya magugu, fikiri mara mbili. Inakaa udongoni muda mrefu, inapita kwenye tumbo la ng'ombe, na samadi yake itakunja maharagwe na nyanya za jirani. Na dawa zote hizi haziijui mathenge kwa jina: zinaua migunga vilevile. Ifunge migunga kitambaa chekundu kabla mfanyakazi hajaingia.

Mbao za mti uliokatwa ndipo kisiki kikapakwa ni salama kwa mkaa. Mti uliopuliziwa gome usiufanye kuni wala mkaa.

Mama Mbuzi
Msisahau maganda ya mbegu za mathenge. Mbuzi anayala kwa utamu, mbegu zinatoka nzima kwenye kinyesi, na kila boma linakuwa kitalu. Sukari hiyo ndiyo inayoozesha meno pia. Mwaka 2006 Wailchamus, wafugaji wa Baringo, walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno kama ushahidi dhidi ya mathenge. Okoteni maganda kabla ya kazi, yasagwe kwenye kinu hadi mbegu zivunjike, hapo ni chakula kizuri cha mifugo. Mifugo iliyotoka kwenye mathenge ikae zizini kama siku 7 kabla ya kuingia sehemu iliyosafishwa. Na baada ya kunyunyiza, izuieni kwa muda ulioandikwa kwenye lebo.

Fundi wa Pampu
Miti iliyopuliziwa usiing'oe wala kuichoma mapema ukidhani imekufa. Iache mwaka mzima, kisha kwangua gome karibu na ardhi: likiwa la kijani, rudia shina hilo. Mbegu za nyasi ya Cenchrus ciliaris zipandwe kabla tu ya mvua kwenye mapengo yaliyobaki, na miche mipya ya mathenge ing'olewe kwa mkono udongo ukiwa bado laini. Weka rangi inayoyeyuka kwenye mafuta (si ile ya kupaka ukuta) kwenye mchanganyiko ujue shina gani limeshapuliziwa. Bila rangi utapita mara mbili kwenye lile lile na kuruka la pembeni.