Miaka miwili naandika hataza yao (hati ya kulinda uvumbuzi), leo natambulishwa "huyu anatutolea fotokopi"!

Binti Madai (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja bomba, mwingine simu, na mikono yote miwili inatetemeka. Mods, msinihamishie uzi huu jukwaa la elimu. Hili ni la kudhalilishana, acheni lisomwe hapa hapa.

Leo saa nane mchana. Ukumbi mdogo wa mikutano, ule wenye viti vya kuzunguka. Wageni wa kampuni wamekuja kusaini leseni ya mashine ya kubangua korosho. Mikataba nakala nne iko mezani, nimeipanga mimi, vibandiko vya njano kila panapotakiwa saini, nimebandika mimi. Prof anasimama kutambulisha watu. Mnamjua, hakuna asiyemjua, yule wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Rasi wa Ndaki, makofi. Mwanasheria, makofi. Dereva, jina na ukoo na wilaya anayotoka, makofi. Anafika kwangu. Anasita. Anatazama dari kama vile jina langu limeandikwa kwenye feni. Halafu anasema:

"Na huyu... huyu anatutolea fotokopi."

Fotokopi!

Wageni wakatabasamu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye heshima zake, wala simlaumu, akafungua mkoba akatoa karatasi: "Samahani dada, naomba nakala mbili za hii." Nikamtazama Prof. Prof akatikisa kichwa kwamba haya, nenda. Na nikaenda, wakuu. Ndicho kinachonichoma. Nilinyanyuka, nikatembea ukumbi mzima, nikaenda kwenye mashine ya korido, nikangoja ipate moto. Nimerudi na nakala mbili za moto mkononi, nakuta wameshasaini na picha imeshapigwa. Miaka miwili ya kazi yangu, na picha sipo. Nilikuwa natoa fotokopi.

Kwa wasioijua kazi ya kitengo cha uhawilishaji teknolojia, ofisi ya chuo inayolinda uvumbuzi na kuupeleka kwa kampuni, ngoja niwaambie huyu "mtoa fotokopi" amefanya nini.

Prof aliileta ile mashine kwa maelezo ya ukurasa mmoja na nusu, nusu yake shukrani. Nikaingia karakana. Nimekaa na fundi wiki nzima, nimeshika kile kisu, nimepima springi, nimeuliza kwa nini punje haivunjiki. Mafuta ya ganda la korosho yamenichubua vidole viwili mpaka ngozi ikatoka, na mnaotoka kusini mnajua yale mafuta yanavyounguza. Hapo ndipo nikagundua kwamba siri ya ile mashine ni springi inayokifanya kisu kirudi nyuma kikikutana na korosho kubwa. Prof mwenyewe hakuiandika! Aliandika "kisu cha chuma cha pua". Sasa andika hivyo kwenye madai ya hataza, yale maneno yanayotaja kinacholindwa, uone. Kesho mtu anatengeneza kisu cha shaba, anauza mbele ya geti la chuo, na huna la kumfanya, maana ulinzi wa hataza unaishia pale maneno ya madai yanapoishia. Nimeyaandika yale madai mara kumi na nne. Kumi na nne! Maombi yakaenda BRELA, wasajili wa hapa nchini, yakaenda na ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la mali ya ubunifu, kule Harare. Nani alikuwa anahesabu tarehe? Mtoa fotokopi.

Na hilo ni dogo. Mwaka juzi Prof alitaka kuipeleka mashine Sabasaba kabla hatujawasilisha maombi, na bango lenye mchoro wote wa ndani, springi inaonekana mpaka kwa mtoto wa chekechea. Nilimpigia saa tano usiku nikamsihi kama mtu anayeomba damu. Uvumbuzi ukishauanika hadharani, sharti la upya, kwamba uwe haujajulikana popote, limekufa. Ulaya ukienda hawakuelewi kabisa. Marekani angalau wanakupa mwaka mmoja wa neema wa kuwasilisha maombi. Someni habari ya Cohen na Boyer, wale wa kuunganisha vinasaba. Walichapisha makala Novemba 1973, na mtu wa ofisi ya leseni pale Stanford, Niels Reimers, akajua habari hiyo kupitia gazeti, Mei 1974. Yeye ndiye aliyemfuata Cohen, akambembeleza, na maombi yakaingia Novemba 1974, siku chache kabla mwaka haujaisha. Nje ya Marekani walishakosa kwa sababu makala ilikwishatoka. Pamoja na hayo, leseni zile ziliingiza dola milioni 255 hivi mpaka hataza ilipokwisha 1997. Ni mtu wa ofisi yule! Hakuvaa koti jeupe, hakugusa bakteria hata mmoja. Na jina lake linajulikana mpaka leo, hakuna aliyemwita mtoa fotokopi.

Mimi nimeokoa springi ya korosho saa tano usiku, na leo nimepewa nakala mbili.

Na ile ada ya kila mwaka ya kuifanya hataza isife? Miaka ishirini, kila mwaka, tarehe yake. Nani anaikumbuka? Prof hakumbuki hata alikoegesha gari. Siku mtoa fotokopi akisahau, hataza imekufa, na leseni mliyoipigia picha inabaki karatasi ya kufungia karanga.

Fadhila ya punda mateke, nilikuwa nasikia tu. Fotokopi, jamani. Mbele ya wageni.

---

Mzee wa Stoo

Pole sana mwanangu. Umenigusa. Mimi miaka kumi na tisa natambulishwa "na wengine". Wewe angalau una cheo.

---

Chumvi ya Mawe

Dada swali moja tu. Zile nakala zilitoka vizuri au zilikuwa na ule mstari mweusi pembeni?

---

Kipanga wa Kilwa

@Chumvi ya Mawe umeniua mkuu 😂😂 Mimi nataka kujua alitoa pande mbili au upande mmoja.

---

Binti Madai

@Chumvi ya Mawe @Kipanga wa Kilwa chekeni tu. Siku mtoto wenu akibuni kitu kikaibwa mtamtafuta mtoa fotokopi. Na kwa taarifa yenu, picha imewekwa kwenye ukurasa wa chuo sasa hivi. Watu kumi na mmoja. Mpaka mpishi wa sambusa yumo. Kiti changu kinaonekana, kitupu, mkoba wangu umekikalia.

---

Mtafiti Mchovu

Nimesoma yote na nakuonea huruma, lakini kwa kuwa watu wa kitengo mmejitokeza, na mimi nina langu. Fomu yangu ya kutangaza uvumbuzi niliileta kwenye kitengo kama chenu mwezi wa pili. Huu mwezi wa kumi. Nikiuliza naambiwa "kamati haijakaa". Kamati gani haikai miezi minane, haina viti? Wanafunzi wangu wanataka kuchapisha wahitimu, nawazuia kwa kuwa nyie mmesema tusianike, halafu hamuwasilishi!

Umetaja Stanford, nami nakutajia Florida. Dk. Cade pale Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1965 alitengeneza kinywaji cha wachezaji, ndiyo Gatorade hiyo. Akakipeleka chuoni, chuo hakikutaka. Akaenda kwa kampuni, fedha zikaanza kumiminika, chuo kikakumbuka kwamba kina haki! Wakashtakiana mpaka chuo kikapata asilimia 20 ya mrabaha, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi. Kwa hiyo tusimalize lawama zote kwa maprofesa. Mkilala nyie, sisi tunaibiwa.

---

Binti Madai

@Mtafiti Mchovu miezi minane ni aibu na siitetei. Ila jiulize kitengo hicho kina watu wangapi. Chetu tuko wawili na nusu, huyo nusu anashikilia na ofisi ya mahafali. Mikataba ya utafiti ni sisi, makubaliano ya kutunza siri ni sisi, mrabaha ugawanywe vipi ni sisi. Tungekuwa tunatoa fotokopi kweli tungekuwa tumeshamaliza.

---

Jirani wa Namanga

Aki pole dada. Huku Kenya ni vile vile tu, sheria yetu ya mali ya viwanda iko tangu 2001 lakini mkubwa akiingia ofisini kitu ya kwanza anauliza ni "mmeleta pesa ngapi mwaka huu?" Unamwambia hata Marekani ofisi nyingi za aina hii hazirudishi gharama zake, anakutazama kama mwizi. Mimi siku moja niliambiwa nishike mwavuli wa mgeni. Mwavuli! Na mkataba ni mimi niliandika.

---

Mzee wa Stoo

Mwavuli na fotokopi bora kipi?

---

Chumvi ya Mawe

Mwavuli. Unaonekana kwenye picha.

---

Fundi Karakana

Mimi sitaki kuharibu uzi wa dada, lakini hapo juu kaandika "nimekaa na fundi wiki nzima". Fundi. Hana jina? Springi ile nani aliiwaza? Mimi si fundi wa hiyo mashine, niko chuo kingine, lakini naijua hiyo hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. Prof anachora mraba kwenye leso ya karatasi, anasema "nitengenezee". Unahangaika miezi, unachomelea, unakata, inakubali. Kwenye hataza mvumbuzi ni Prof na mdogo wake Prof. Sasa dada uliyeandika madai mara kumi na nne, jina la fundi uliliandika?

---

Binti Madai

@Fundi Karakana limo. Mvumbuzi wa pili. Niligombana na Prof wiki tatu kwa ajili ya jina hilo, nikamwambia asiyetajwa na kumbe alivumbua anaweza kuja kuiangusha hataza yote. Na leo fundi alikuwepo ukumbini, alipigiwa makofi, na nilifurahi kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana nalia. Niliwapigania wote watajwe, zamu yangu ilipofika ikawa fotokopi.

---

Fundi Karakana

Basi hapo umenimaliza. Samahani sana dada. Hata hivyo hao maprofesa wa maabara ya pili kwetu waambieni waache kuweka samaki kwenye friji la sampuli.

---

Mtafiti Mchovu

Samaki?!

---

Fundi Karakana

Sato wawili, mfuko wa bluu, karibu na sampuli za udongo. Nimeandika tangazo, nimebandika mlangoni. Kesho yake nikakuta na dagaa.

---

Mguu Barabarani

Nyie mnalilia samaki na picha, sisi wa miradi tunalilia masurufu. Nimekwenda Tandahimba siku nne kukusanya takwimu, bodaboda ndiyo usafiri pekee wa kufika shambani. Nimerudi, mhasibu ananiambia safari bila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hairejeshwi. Jamani, bodaboda wa Tandahimba anatembea na mashine ya EFD? Aiweke wapi, kwenye tanki? Wamenikata kwenye mshahara.

---

Kipanga wa Kilwa

Hilo la EFD lianzishiwe uzi wake. Mimi nilikatwa kwa sababu ya maji ya kunywa.

---

Mama Chujio

Msikate tamaa jamani, yapo yanayofanikiwa. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha alishinda Tuzo ya Afrika ya Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza mwaka 2015, pauni 25,000, kwa kichujio cha maji cha nano. Na yeye alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo.

---

Mzee wa Stoo

Hicho kichujio kinatoa na madini ya floraidi? Huku kwetu Meru watoto meno yote kahawia.

---

Mama Chujio

Ndiyo lengo lake mzee wangu, kinatengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Floraidi ni mojawapo.

---

Mzee wa Stoo

Asante mwanangu. Nitaulizia.

---

Binti Madai

Wakuu, turudi kwenye mada tafadhali. Nimeshuka kwenye daladala, nimefika nyumbani, nimefungua mkoba, na nakala moja ya yule mgeni ninayo. Nilimpa moja tu. Alitaka mbili. Nimeishika hapa naitazama, nashindwa kula.

---

Mguu Barabarani

@Kipanga wa Kilwa maji ya kunywa walikukata shilingi ngapi?

---

Kipanga wa Kilwa

Elfu kumi na mbili. Katoni mbili, watu sita, jua la Lindi.

---

Jirani wa Namanga

@Fundi Karakana hiyo friji ya samaki iko na shida ingine ama ni harufu tu? Yetu imeacha kugandisha tangu stima ipotee Jumapili.

---

Fundi Karakana

Inawaka taa lakini haigandishi? Weka mkono nyuma chini, kwenye kompresa. Ina joto au ya baridi?

---

Jirani wa Namanga

Moto kabisa, na inanguruma kidogo halafu inakata.

---

Fundi Karakana

Usiizime na kuwasha ovyo. Piga picha ile karatasi ya nyuma yenye namba, nitumie niione.