Kenge wa maji, nimujengee nyumba ya namna gani?

Wa Himbi: Bandugu, niko na kenge wa maji, angali mudogo, analala mu karto. Nataka kumujengea nyumba ya mbao lakini hapa Goma usiku baridi inakamata na kura (umeme) inakatika, nifanye je?

Wa Katindo: Ndugu, uyo anaweza kufika mita 2, jenga kubwa kabisa tangu sasa. Ampuli ya joto weka upande moja, fasi ya kuota ifike digri 50, upande ingine ibakie ya baridi achague mwenyewe. Zungushia ampuli wavu, ataungua!

Mama wa Birere: Na beseni ya maji yenye anaingia mwili muzima, na udongo mingi ya kuchimba. Kura ikikatika funika na blanketi, lakini uache hewa.