Mrejesho: unyevu kwenye nyumba yetu ya 1906, mjini Reading, Uingereza

Wakuu, nimerudi kushukuru. Februari niliuliza hapa kuhusu ukuta wa sebule uliokuwa unatota na kubanduka rangi: nyumba ya safu (imeungana na za jirani), ya enzi za Mfalme Edward VII, kuta za tofali zenye unene wa sentimita 23, bila uwazi katikati.

Nilimfuata aliyesema nisikimbilie kudunga dawa ya kuzuia unyevu ukutani, nitazame viungo vya matofali. Kweli kabisa! Fundi wa miaka ya karibuni alivijaza saruji juu ya chokaa ya asili, maji yakakosa pa kutokea. Tumeikwangua saruji kwa patasi, kiungo kimoja kimoja, tukarudishia chokaa. Kazi hiyo tuliisubirisha hadi Mei, maana baridi kali huiharibu chokaa kabla haijashika. Matundu ya hewa chini ya sakafu ya mbao nayo yalizibwa na udongo wa bustani, tumeyazibua. Sasa ni Septemba, ukuta mkavu, uvundo umekwisha. Bibi yangu wa Lamu, kwenye nyumba za chokaa, angeicheka sana hiyo saruji.

Si yote yaliyofaulu. Tofali kumi na mbili zilimeguka uso tulipotoa saruji, na boriti mbili za sakafu zilikutwa zimeoza ncha, ikabidi tuziunge mbao mpya.

Asanteni sana, hasa kwa ule ushauri wa matundu ya hewa.