Meza ya pool ya Sinza naiweza, ya Tandika inaninyanyasa, shida nini?

mtu_wa_sinza:
Wakuu habari za jioni. Wazoefu wa pool naombeni msaada. Maskani kwetu Sinza mi sio mtu wa kuchezewa, ile ndefu ya kona kwa kona naizamisha bila wasiwasi. Sa wikiendi huwa naenda kwa shemeji Tandika, jirani yake kuna baa ina meza, aisee pale naonekana sijawahi kushika fimbo. Nikipiga taratibu mpira unafia njiani, nikiongeza nguvu unagonga mdomo wa shimo unatoka, halafu kinachonichanganya zaidi ni mweupe, ule mpira wa kupigia wengine, naupiga katikati kabisa nategemea usimame palepale, wenyewe unarudi nyuma! Kigamboni nako kitambaa kinateleza balaa. Mipira ni ileile, nyekundu saba, njano saba na nyeusi, meza kwa macho zinalingana. Kwa Dar hii wapi meza ni ngumu zaidi, na ukifika meza ngeni unaisomaje kabla hujaliwa hela?

Babu Chaki:
Mweupe wa Tandika ni mdogo mkuu, siku ukienda uweke ubavuni kwa mpira wa rangi utaona mwenyewe. Meza nyingi za sarafu mipira ya rangi ina kama milimita 51, mweupe wanaweka wa 47 na kitu, ili ukizama ule mtambo wa ndani uutambue ukurudishie badala ya kuufungia na wenzake. Sasa mdogo maana yake mwepesi, ukikutana na mzito uso kwa uso lazima urudi, na kuufanya ufuate mbele ndo kazi kwelikweli. Ukitaka usimame piga juu ya katikati kidogo. Bila shaka kwenu Sinza mnacheza ile ya nyavu kwenye mashimo, haina huo mtambo, mnamlipa mwenye meza mkononi.

fundi_kitambaa:
Babu kamaliza la mweupe, mi niseme la kitambaa maana hizi meza nazifunga mwenyewe. Kitambaa cha kawaida cha pool kina manyoya yamelala upande mmoja, kutoka unapovunjia kwenda kule mipira inapopangwa. Ukipiga kufuata manyoya mpira unakimbia, ukirudi kinyume unazubaa, na ukiwa wa taratibu unaweza hata kuhama njia. Kikiwa kipya meza inakuwa nzito, kikichakaa kinabaki kipara ndo hiyo ya Kigamboni. Weka na unyevu wa huku pwani, masika kitambaa kinavuta maji ya hewani, meza yenyewe ipo kwenye kibanda cha wazi, vumbi la barabara, majivu ya sigara, bia ikimwagika mhudumu anaifuta na kanga, brashi hamna, na mwenye baa anasubiri kichanike kabisa ndo anipigie simu tena anaomba nishone tu. Kuhusu kupinda, meza nzuri chini ya kitambaa ina jiwe, hilo halipindi, tatizo linakua ni miguu na sakafu. Zile za bei chee zenye mbao chini zikishavimba usinipigie.

Mbagala_Kijichi:
Mi napingana na mleta mada kidogo. Meza ambayo mpira unahama wenyewe hiyo mbovu, usiiite ngumu, pale hata aliyejifunza jana anaweza kumfunga bingwa. Ngumu ni ile jiwe limenyooka, raba za pembeni zinajibu sawasawa pande zote, ila mashimo yamebana, ukikosea nusu kidole mpira unacheza kwenye midomo unabaki nje umemwachia mwenzio. Hapo ndo anayejua anaonekana. Kipindi cha mashindano ya Safari Pool Taifa klabu zilikua za mabaa hayahaya, watu walikua wanashindana kweli, leo meza zimekua za kuwekea chupa, na viongozi wenyewe wakikumbuka pool ni kukemea vijana wanaocheza asubuhi (kwa hilo siwalaumu sana). Mtaa gani ngumu zaidi hilo swali halina jibu, baa mbili zimepakana ukuta meza zinatofautiana.

dada_nyeusi:
Kuisoma ni hivi kaka. Usiweke sarafu ukifika tu, agiza soda angalia wenyeji wakicheza. Mwenyeji akiwa analenga pembeni ya shimo halafu mpira unaingia, jua meza inalalia huko. Chungulia na miguu, ukikuta vizibo vya soda au kipande cha boksi kimekunjwa chini ya mguu mmoja, ushajua. Gemu ikiisha mweupe huwa unabaki nje, uchukue kama unachezea tu, usukume polepole ukatishe meza, usiangalie unavyoondoka, angalia unapokaribia kusimama, pale ndo unalala upande wake. Kisha uliza sheria zao, faulo mnampa mwenzio mipigo miwili au mmoja, nyeusi inatajwa shimo au popote, maana hela nyingi zinaliwa hapo na wala sio kwenye kitambaa.

mtu_wa_sinza:
Nashukuruni sana. Babu ni kweli kwetu ni ya nyavu, umejuaje! Sasa dada, huko Tandika nyeusi wanataka ipigwe shimo lilelile ulilozamishia mpira wako wa mwisho, hiyo nayo ni sheria?

dada_nyeusi:
Ni sheria ya pale 😂 Basi mpira wa mwisho uchague wa kona, usije ukazamisha shimo la katikati ukajifunga mwenyewe.

fundi_kitambaa:
Na nipe namba ya huyo mwenye baa inbox, hicho kitambaa nakijua kinavyofanana.