Bathurst 1987: upinde wa madigadi uliwezaje kufuta nafasi ya kwanza na ya pili?

Kona_Mlimani
Wakuu, naomba ufafanuzi wa kiufundi kuhusu James Hardie 1000 ya tarehe 4 Oktoba 1987, Mount Panorama, Bathurst, Australia. Ilikuwa duru ya ubingwa wa dunia wa magari ya saluni. Ford Sierra RS500 mbili za timu ya Eggenberger zilimaliza mbele: Steve Soper na Pierre Dieudonné wa kwanza, Klaus Ludwig na Klaus Niedzwiedz wa pili. Baadaye zote mbili zikafutwa kwa kosa la pinde za madigadi ya mbele, ushindi ukaenda kwa Holden Commodore ya Peter Brock, David Parsons na Peter McLeod.

Ninachotaka kuelewa: bati lililokatwa juu ya tairi linaongeza nini hasa? Nguvu za injini ni zilezile. Halafu, je, ni kweli uamuzi ule ndio uliomvika Roberto Ravaglia, dereva wa BMW, taji la dunia?

fundi_springi
Mkuu, anzia kwenye kanuni zenyewe. Group A, yaani kundi la kanuni za mbio zile, ilikulegezea mambo mengi yasiyoonekana: springi, shokamzoba, breki, sehemu kadhaa za ndani ya injini. Bodi haikuguswa. Umbo la bati lilitakiwa kufanana na lile lililoandikwa kwenye waraka wa idhini, na ukitaka kulibadilisha unaunda magari ya barabarani kwanza: 5,000 ya msingi, kisha 500 ya toleo la nyongeza. RS500 ilizaliwa kwa njia hiyohiyo. Magari 500, idhini kuanzia tarehe 1 Agosti 1987, yakiwa na turbo kubwa zaidi ya Garrett na reli ya pili ya mafuta yenye injekta nne za ziada, ambazo gari la barabarani halikuzitumia kabisa. Kwa hiyo timu iliyotaka upinde mpana zaidi ilikuwa na mlango halali wa kupitia.

Sasa faida. Upana wa rimu ulipangwa kwa daraja la ukubwa wa injini (cc), huongezi. Kinachobaki ni kipenyo cha tairi, na hicho hubanwa na nafasi iliyomo ndani ya madigadi. Piga picha gari limeshushwa chini, dereva anashuka kona za The Esses huku anafunga breki. Pua inainama, springi za mbele zinabonyea, usukani umekatwa. Bega la nje la tairi linapanda hadi kwenye ule mkunjo wa bati wa ndani ya upinde. Likigusa, linachanika kama limepitishiwa patasi.

Njia halali za kuliepusha ni tatu na zote zina gharama. Ukiinua gari, kitovu cha uzito kinapanda na gari linalala kwenye kona. Ukikaza springi, tairi inarukaruka kwenye lami mbovu na mshiko unakatika. Ukifunga tairi fupi, unapoteza mpira. Inua upinde milimita chache tu na hulipi gharama yoyote kati ya hizo. Ndiyo maana wakaguzi hawakulichukulia kama jambo la urembo.

Hesabu_za_Lami
Naongezea hesabu kwenye maelezo ya fundi. Vipimo hivi ni vya mfano, si vya gari lile. Tairi ya kipenyo cha mm 650 ina mzingo wa takriban mm 2,042. Ya mm 660 ina 2,073. Mzunguko wa Bathurst ni km 6.213, maana yake tairi ndogo inabiringika takriban mara 3,042 na kubwa takriban mara 2,996. Kila kipande cha mpira kinasuguliwa takriban mara 46 pungufu kwa kila mzunguko mmoja, na kuna mpira mwingi zaidi wa kubeba joto. Kwa gari la turbo linalosukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, tairi za mbele zikipoa vizuri dereva haanzi kusukumwa nje ya kona mwishoni mwa zamu yake. Katika mbio za mizunguko 161 hiyo ni faida ya kweli.

Kitu kingine ambacho watu huchanganya: nguvu za RS500 zilikuwa halali mwaka ule. Injini ya cc 1993 ilizidishwa kwa 1.4 kwa sababu ya turbo, ikahesabiwa kama cc 2,790. Kizidisho cha 1.7 kilianza 1988.

Kona_Mlimani
Shukrani sana, hapo kwenye mkunjo wa ndani nimeelewa. Na taji?

pointi_moja
Ndiyo, kwa hesabu ya mwisho. Ravaglia akiwa na BMW M3 alipata pointi 269, Ludwig na Niedzwiedz 268. Nafasi ya pili ya Bathurst ilipofutwa, pointi zake zikaondoka nayo. Upande wa timu, Eggenberger bado walichukua ubingwa.

Ila usihesabu Bathurst ukaiacha Monza, kwenye duru ya kwanza mwaka uleule. M3 zilijaza nafasi sita za mbele zikafutwa zote kwa sababu ya bati jembamba kupita lililoidhinishwa, na ushindi ukaenda kwa Allan Moffat na John Harvey, nao pia kwenye Commodore. BMW nao walipoteza pointi kwa kosa la bodi. Kwa maoni yangu anayesema Ravaglia alipewa taji mezani anasoma nusu ya msimu.

Jambo linalouma zaidi ni usajili. Pointi za dunia walizipata tu waliolipa dola 60,000 za Marekani. Gari la Brock halikuwamo, kwa hiyo lilipewa ushindi wa mbio bila pointi hata moja ya ubingwa.

fundi_springi
Na tusiufanye ushindi wa Brock kuwa wa makaratasi tu. Gari lake namba 05 liliua injini mapema, kwenye mzunguko wa 34. Kanuni iliruhusu madereva kuhamia gari la pili la timu, namba 10, akahamia yeye na Parsons. Jon Crooke, aliyepangiwa namba 10 pamoja na McLeod, hakuendesha kabisa. Mvua iliponyesha baadaye, Brock alibaki juu ya tairi za lami kavu, zisizo na mifereji, akaendelea kupita watu hadi nafasi ya tatu. Bila nafasi ile, kufutwa kwa Sierra kungemnufaisha mtu mwingine.