Guru Dutt katika vitabu vinne: nianze na kipi?

Salma_Ngambo

Assalaam aleikum wote. Naomba msaada wa waliosoma wenyewe.

Marehemu babu yangu alikuwa na wimbo mmoja akiuimba chinichini kila alipopiga pasi kanzu yake ya Ijumaa. Kihindi hakijui, maneno kayashika kwa sikio tu. Mwezi uliopita nikaangalia Kaagaz Ke Phool mwanzo hadi mwisho, na katikati ya picha nikaukuta wimbo wenyewe: Waqt ne kiya kya haseen sitam. Nililia. Tangu siku hiyo nimeangalia Pyaasa mara tatu na Sahib Bibi Aur Ghulam mara mbili, na sasa nataka kumsoma huyu Guru Dutt, mwongozaji na mwigizaji wa filamu hizo za Kihindi.

Mjomba anakwenda Mumbai, kasema ataniletea vitabu viwili, mzigo wake hauruhusu zaidi. Nimeona vinne. Cha Nasreen Munni Kabir, Guru Dutt: A Life in Cinema, cha 1996. Cha Sathya Saran, Ten Years with Guru Dutt, cha 2008, ambacho ni masimulizi ya Abrar Alvi aliyemwandikia mazungumzo ya filamu. Kabir tena, safari hii akizungumza na mwigizaji Waheeda Rehman, 2014. Na cha Yasser Usman, An Unfinished Story, cha 2021.

Habari za kifo chake, Oktoba 1964, akiwa na miaka 39, zimejaa kila mahali na sizitafuti. Nataka kujua alivyofanya kazi. Kijana aliyekuwa akipokea simu ofisini Calcutta alifikaje kutengeneza Pyaasa akiwa na miaka 31?

Mwalimu_Chumbageni

Wa aleikum salaam, Salma. Babu Mungu amrehemu.

Chukua cha Kabir cha 1996 kwanza. Kabla ya kuandika, Kabir alitengeneza filamu ya maelezo kuhusu Guru Dutt, ikaonyeshwa na Channel 4 ya Uingereza mwaka 1989, na kitabu kikatokana na kazi hiyo. Sasa uangalie huo mwaka. Raj Khosla, aliyekuwa msaidizi wake kabla ya kuongoza filamu ya C.I.D., alifariki 1991. Johnny Walker, mchekeshaji wa filamu zake, alifariki 2003. V.K. Murthy, mpigapicha wake, 2014. Dada yake Lalitha Lajmi, yule mchoraji, 2023. Kabir aliwahi wote. Leo hakuna mtu anayeweza kuandika kitabu cha namna ile tena, hata akiwa na fedha kiasi gani.

Swali lako la kijana wa simu limejibiwa humo. Guru Dutt alipata nafasi kwenye chuo cha mcheza dansi Uday Shankar kule Almora, kaskazini mwa India, akajifunza dansi, na chuo kilipofungwa akaingia studio za filamu za Prabhat, Pune, mwaka 1944. Pale ndipo alipokutana na mwigizaji Dev Anand. Walikuwa na dobi mmoja, mashati yakachanganyika, na urafiki ukaanzia hapo. Wakaahidiana: Dev Anand akiwa mtayarishaji, Guru Dutt ataongoza. Filamu ya Baazi ya 1951 ni ahadi hiyo ikitimizwa.

Tena hiyo Almora usiipite haraka. Anayeijua dansi anajua mwili unaingiaje kwenye muziki. Tazama nyimbo zake zinavyoanza: mara nyingi hakuna vinanda vya kukuandaa, mtu yumo kwenye mazungumzo na mara sauti imeshakuwa wimbo. Kabir anakuonyesha jambo hilo tukio kwa tukio.

Upungufu upo. Kabir ni mstaarabu mno kwenye mambo ya ndoa. Kuna kurasa utahisi anajua zaidi ya alichoandika.

Nuru_Muscat

Sikatai cha Kabir, ila Salma kauliza alivyofanya kazi, na kazi ile hakuna aliyekaa karibu nayo kama Abrar Alvi. Miaka kumi, chumba kimoja, karatasi moja.

Alvi aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa kwenye upigaji wa filamu ya Baaz, akaona waigizaji wanasema maneno yasiyokaa vinywani mwao, akarekebisha. Guru Dutt akamsikia. Kwenye Aar Paar ya 1954 akamwachia mazungumzo yote, na humo kila mtu anazungumza kwa lugha yake: dereva wa teksi kama dereva wa teksi, mtu wa gereji kama mtu wa gereji. Kabla ya hapo waigizaji wengi wa Bombay walisema kama wanasoma mashairi jukwaani. Mimi nafanya kazi ya ukalimani, najua uzito wa jambo hilo. Neno likiwa zuri lakini si la mwenyewe, msikilizaji analikataa hata bila kujua kwa nini.

Halafu kuna habari ya Gulabo wa Pyaasa. Alvi anasimulia kwamba alimtoa kwa mwanamke wa kweli aliyemjua, aliyekuwa akiuza mwili wake, na heshima aliyompa mwanamke yule katika maisha ndiyo unayoiona kwenye filamu. Niliposoma kipande kile nilirudi kuangalia Pyaasa usiku uleule.

Mzee_Kibokoni

Nuru mwanangu, kitabu hicho ninacho na nakipenda, lakini Salma asikisome peke yake. Ni ushahidi wa mtu mmoja, mzee, aliyefariki mwaka uliofuata, 2009, na mzee yule alikuwa na dai lake.

Dai ni hili. Sahib Bibi Aur Ghulam ya 1962 imeandikwa mwongozaji Abrar Alvi, na tuzo ya Filmfare ya mwongozaji bora alipewa yeye. Watu hawakukubali. Walisema mkono ni wa Guru Dutt, kwamba baada ya Kaagaz Ke Phool kuanguka mwaka 1959 aliapa kutoliweka tena jina lake kama mwongozaji, ndipo akatumia la mwandishi wake. Alvi alikaa na tuhuma hiyo karibu nusu karne. Mwenyewe alikubali kwamba nyimbo ziliongozwa na Guru Dutt, filamu iliyobaki akasema ni yake.

Mimi picha hii niliiona ningali kijana hapa Mombasa na nimeirudia sana. Zile nyimbo, kivuli kinavyokatika juu ya uso wa Meena Kumari, ni Guru Dutt mtupu. Lakini mazungumzo ya Chhoti Bahu, ndiye Meena Kumari, na mumewe yana subira nisiyoiona mahali pengine katika picha za Guru Dutt. Mimi namwamini Alvi. Hata hivyo nataka msomaji aamue baada ya kusikia upande wa pili, na upande huo umo kwa Kabir.

Fundi_Taa

Habari wakuu. Mimi ni mpigapicha wa harusi, niko Temeke. Vitabu vya filamu nimesoma vichache, ila cha Kabir nilikifuata kwa sababu ya Murthy tu.

Salma, wimbo wa babu yako. Unaukumbuka ule mwale unaoshuka kutoka juu kwenye studio tupu, Waheeda upande huu, Guru Dutt upande ule? Ule si taa, ni jua. Waliweka kioo kikubwa nje, kikadaka jua na kulirusha ndani kwenye kioo cha pili kilichowekwa juu, na hicho kikaushusha mwale mpaka chini sakafuni.

Mwaka jana nilijaribu kwenye ghala la rafiki yangu, vioo viwili vya kabati. Jambo la kwanza nililojifunza: bila vumbi au moshi hewani mwale hauonekani, unaona doa tu sakafuni. La pili: jua halisimami. Baada ya dakika chache doa langu lilikuwa limeshapanda ukutani, ikabidi kijana mmoja akae nje na kioo akikigeuza kidogo kidogo kwa kuelekezwa. Nilipata sekunde arobaini nzuri kwa asubuhi nzima. Wale walipiga wimbo mzima, tena kwa CinemaScope, filamu ya kwanza ya Kihindi kwa upana huo, ambapo kila kona ya fremu inaonekana na hakuna pa kuficha kosa.

Jambo jingine ni lenzi. Guru Dutt alipenda kupiga uso kwa lenzi ndefu, nyuma kunafifia na macho yanabaki. Ndiyo maana ukimwangalia Waheeda kwenye Pyaasa unahisi yuko peke yake duniani. Murthy baadaye alipewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, ile kubwa ya filamu India, mpigapicha wa kwanza kuipata. Kwangu mimi kitabu kinachompa nafasi fundi kama yule ndicho cha kununua.

Salma_Ngambo

Fundi, nimerudi kukiangalia kipande kile sasa hivi. Siku zote hizi nilidhani ni taa. Ahsante sana.

Kwa hiyo cha Kabir kimoja kimeshaingia. Cha pili ndipo ninapokwama. Kuna aliyesoma cha Usman? Na cha Waheeda kina chochote kuhusu kazi, au ni kumbukumbu za maisha tu?

Zuhura_TZ

Cha Usman nimekisoma kwa usiku mbili. Najua wengi humu watakiweka mwisho, naomba mnisikilize.

Usman ndiye pekee kati ya hawa anayemtazama kwa muda mrefu Geeta Dutt, mwimbaji, mkewe Guru Dutt. Alipoolewa mwaka 1953 jina lilikuwa lake, Guru Dutt alikuwa mwongozaji anayechipukia. Mume akaanza kumtengenezea filamu ya Kibengali, Gouri, mwaka 1957, ambayo ingemfanya mwigizaji, kisha akaiacha njiani. Miaka miwili baadaye mume anatengeneza Kaagaz Ke Phool, habari ya mwongozaji aliyevunjikiwa na ndoa na kumpenda mwigizaji wake mpya. Mwigizaji kwenye pazia ni Waheeda. Sauti inayosikika juu ya uso wa Waheeda ni ya Geeta. Ule wimbo wa babu, Salma, umeimbwa na mke.

Mwalimu anasema Kabir ni mstaarabu kwenye ndoa. Sawa, lakini kwa mtu huyu ndoa ilikuwa ndani ya kazi. Utazielewaje filamu zake ukiifungia nje? Usman alikaa na Lalitha Lajmi kwa kina, na yule dada hakumficha kaka yake wala hakumtupia Geeta lawama. Kipande cha nyumba yao ya Pali Hill, Guru Dutt alivyoamuru ibomolewe, sijakisahau mpaka leo.

Mwalimu_Chumbageni

Zuhura, kuhusu Geeta nakuunga mkono, na umenifanya nifikiri upya. Ninachomlaumu Usman ni namna. Anasukuma kila sura ielekee usiku ule wa Oktoba, kana kwamba mtu yule aliishi ili afe. Kwenye filamu yake Mr. & Mrs. '55 kuna furaha tele, kuna vibonzo, kuna uchokozi. Furaha ile nayo ilikuwa yake, na kwa Usman inapita mbio.

Nuru_Muscat

Cha Waheeda ni maswali na majibu, kinasomeka kama umekaa naye sebuleni. Kazi imo, Salma, tena nyingi. Anaeleza alivyofika Bombay binti mdogo, wakamtaka abadilishe jina, akakataa. Akataka pia mkataba uandikwe kwamba nguo asizozitaka havai. Umri ule, mbele ya wanaume wale!

Na alivyoonwa. Gari la Guru Dutt lilimgonga nyati wa kufugwa njiani kwenda Hyderabad, ikabidi wasubiri matengenezo, na katika kusubiri ndipo wakasikia habari za msichana aliyecheza wimbo mmoja kwenye filamu ya Kitelugu, mji mzima unamshangilia.

Ila kuhusu yeye na Guru Dutt hasemi. Anasema mambo ya faragha ni ya faragha, na Kabir hamlazimishi. Ukitafuta siri utarudi mikono mitupu. Ukitaka kujua mwigizaji anaongozwaje na mtu asiyesema sana, utashiba.

Kabir huyohuyo alitoa pia barua za Guru Dutt kwa Geeta na watoto, mwaka 2006. Zuhura zitakufaa.

Mzee_Kibokoni

Nyongeza moja, ya nyumbani. Anayetaka kujua kwa nini babu wa Ng'ambo alishika wimbo wa Bombay kwa sikio, asome Reel Pleasures cha Laura Fair, 2018. Kinahusu sinema za Tanzania, waliozijenga na waliokuwa wakijaza viti. Mwandishi aliwauliza watu wa kawaida walichokiona katika picha kama Awara ya Raj Kapoor, na wakamjibu habari za mapenzi yao wenyewe, za kuchaguliwa mchumba na wazazi. Ni kitabu cha chuo kikuu lakini hakichoshi. Salma binti yangu, hicho usikiweke kwenye mzigo wa Mumbai, kitafute mbali na hivi.

Salma_Ngambo

Shikamoo babu, nimekiandika. Sinema zile babu yangu alizijua zote.

Nimeamua. Mjomba ataleta cha Kabir cha 1996 na cha Alvi. Nataka mashahidi wawili wabishane mbele yangu kuhusu Sahib Bibi, halafu niiangalie tena mara ya tatu. Cha Waheeda nitajiwekea akiba polepole. Zuhura, cha Usman kimenigusa kwa ajili ya Geeta, lakini pesa na mizigo havikuruhusu.

Zuhura_TZ

Usikinunue. Mwisho wa mwezi navuka kuja Unguja kwenye harusi ya binamu, nitakubebea changu. Nimechora mistari kwa kalamu kwenye sura za Geeta, natumaini haitakukera. Nitakutumia ujumbe tupange pa kukutana.

Fundi_Taa

Na wewe Salma kikifika cha Kabir, naomba unipigie picha kurasa za Murthy. Nakala yangu ilinyeshewa, kurasa zile zimegandana. Ghala bado lipo, na vioo bado ninavyo.