Mazingira yaleyale kwenye Linux, Windows na macOS: je, faili moja linatosha?

Swali la mchambuzi_data

Ndugu wanajukwaa,

Sisi ni kundi dogo la wachambuzi wa data tunaotumia msimbo mmoja, lakini kompyuta zetu hazilingani: wengine wana Windows, wengine wana macOS yenye prosesa za Apple, na kazi nzito huendeshwa kwenye seva ya Linux. Mazingira (yaani seti ya vifurushi vya programu na matoleo yake) tunayajenga kwa Conda, programu ya kusakinisha na kusimamia vifurushi. Mwenzetu anayetumia Linux huendesha `conda env export > environment.yml`, kisha faili hilo huingizwa kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, ili kila mmoja ajenge mazingira yake kutokana nalo. Kwenye Windows na macOS amri ya kujenga hugoma na kudai kwamba vifurushi kadhaa havipatikani, ilhali vingi kati ya hivyo husakinishwa bila shida mtu akiviomba kimoja kimoja.

Tukiongeza `--no-builds` malalamiko hupungua, ila vinabaki vifurushi kama `ld_impl_linux-64` na `libgcc-ng`, ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuviomba. Tukiandika kwa mkono majina machache tunayoyahitaji bila kutaja matoleo, mazingira hujengeka kila mahali, lakini anayejenga leo na aliyejenga miezi mitatu iliyopita hupata vitu viwili tofauti. Je, tukubali kutunza mafaili matatu kwa mkono? Na je, mazingira yakishalingana, tutarajie matokeo ya hesabu yafanane hadi tarakimu ya mwisho?

Jibu la fundi_vifurushi

Ndugu, chanzo cha tabu yenu ni kwamba faili moja limebebeshwa kazi mbili zisizopatana. Kazi ya kwanza ni kueleza mradi unataka nini, na hiyo haina haja ya kujua mfumo endeshi. Kazi ya pili ni kurekodi ni vifurushi gani hasa vilivyopatikana baada ya utatuzi wa utegemezi (yaani kutafuta matoleo ya vifurushi yanayopatana), na hiyo haiwezi kutenganishwa na mfumo endeshi, kwa sababu kifurushi cha Conda ni msimbo uliokwishakompailiwa kwa jukwaa fulani: `linux-64`, `win-64`, `osx-64` au `osx-arm64`. Amri ya `conda env export` hufanya kazi ya pili, nanyi mnaitumia kwa kazi ya kwanza. Huandika jina, toleo, na pia alama ya ujenzi inayotambulisha namna kifurushi kilivyokompailiwa, na alama hiyo kwa kawaida hutofautiana kati ya jukwaa na jukwaa.

Kuondoa alama za ujenzi kwa `--no-builds` hakutoshi, kwa kuwa kinachotofautiana si matoleo peke yake bali orodha yenyewe ya vitegemezi. Hicho `ld_impl_linux-64` ni kiunganishi cha Linux na hakina sababu ya kuwapo kwenye Windows. Vivyo hivyo, Python ya Windows huja na vifurushi vya maktaba za Microsoft ambavyo seva yenu haitaviona kamwe. Atakayewashauri mpunguze orodha hiyo kwa mkono mpaka ikubali kila mahali anawapa kazi isiyo na mwisho.

Kwa hiyo andikeni `environment.yml` kwa mkono, mkitaja vifurushi mnavyoviita moja kwa moja tu pamoja na mipaka ya matoleo mnayoijali. (Amri ya `conda env export --from-history` ni mwanzo mzuri, kwa sababu huorodhesha vile mlivyoviomba wenyewe, hakikisheni tu kwamba vilivyosakinishwa kwa pip, kisakinishi cha Python yenyewe, havikuachwa nje.) Kisha iacheni programu ya conda-lock itengeneze faili la kufuli (rekodi ya matoleo kamili yaliyochaguliwa) kwa kila jukwaa:

`conda-lock -f environment.yml -p linux-64 -p win-64 -p osx-arm64`

Hapo utapatikana `conda-lock.yml` wenye anwani na hashi (alama ya kuhakiki faili) ya kila kifurushi kwa majukwaa yote matatu, na kila mmoja atajenga kwa `conda-lock install --name uchambuzi conda-lock.yml`. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kompyuta ya Linux inaweza kutatua utegemezi wa Windows bila kuigusa Windows, kwani utatuzi husoma tu maelezo ya vifurushi yaliyomo kwenye chaneli, yaani hazina ambako Conda hupakua vifurushi. Kinachobaki kukisiwa ni mambo ya mashine yenyewe, kama toleo la glibc (maktaba ya msingi ya Linux) au uwepo wa CUDA (programu ya kukokotoa kwa kadi za michoro za NVIDIA), nayo Conda huyawakilisha kwa vifurushi bandia kama `__glibc` na `__cuda`. Mkiwa na seva ya zamani au yenye kadi ya michoro, yatajeni wazi, la sivyo kufuli litajengwa kwa makisio ya jumla.

Kama mradi ni mpya, mimi ningechagua Pixi, zana inayosimamia vifurushi vya Conda pamoja na kufuli lake, badala ya kuunganisha zana mbili: majukwaa hutajwa ndani ya `pixi.toml`, na `pixi.lock` husasishwa yenyewe. Kwa wanaotumia PyPI (hazina ya umma ya vifurushi vya Python) pekee, `pip freeze` ina ugonjwa uleule wa `conda env export`, ilhali zana za uv na Poetry hutengeneza kufuli linalohudumia majukwaa yote kwa kutumia masharti kama `sys_platform == "win32"`. Mwaka 2025 jumuiya ya Python iliidhinisha pia muundo wa pamoja wa faili la kufuli, `pylock.toml`, kupitia PEP 751, moja ya hati rasmi za mapendekezo ya Python.

Jibu la mlinzi_wa_seva

Nakubaliana na aliyetangulia, ila sioni kwa nini msitumie kontena (kifungashio chenye programu na kila inachokihitaji) na kumaliza mjadala. Docker, programu ya kuendesha kontena, kwenye Windows na macOS huendesha Linux ndani ya mashine pepe, hivyo wote mtakuwa kwenye mfumo mmoja.

Mkiichagua njia hiyo, angalieni mambo mawili. Lebo ya imeji (nakala ambayo kontena huanzishwa nayo) inaweza kuhamishiwa kwenye imeji nyingine wakati wowote, kwa hiyo tumieni hashi ya `@sha256:` badala ya lebo. Na kila `apt-get update` iliyomo kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji, huchukua kilichopo siku hiyo, kwa hiyo faili la kufuli bado linahitajika ndani ya kontena. Pia kompyuta zenu za Apple zitavuta imeji za `arm64` wakati seva huenda ni `amd64`, yaani aina nyingine ya prosesa. Nix, kisimamizi kingine cha vifurushi, ina nidhamu kubwa zaidi, lakini kwenye Windows itabidi mpitie WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows.

Jibu la hesabu_sahihi

Nijibu swali la mwisho, ambalo limeachwa. Hapana, msitarajie tarakimu ya mwisho ilingane. Kujumlisha namba za desimali kwenye kompyuta hutegemea mpangilio: katika Python, `(0.1 + 0.2) + 0.3` hutoa 0.6000000000000001, ilhali `0.1 + (0.2 + 0.3)` hutoa 0.6. Maktaba za aljebra kama OpenBLAS, MKL na Accelerate ya Apple hugawa kazi kwa mipangilio tofauti kulingana na prosesa na idadi ya nyuzi (kazi zinazoendeshwa sambamba), hivyo hata toleo lilelile la NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, linaweza kutoa tofauti ndogo kwenye mashine mbili. Kontena halitaiondoa tofauti hiyo, kwa sababu prosesa ni ileile ya mwenye kompyuta. Linganisheni matokeo kwa `numpy.testing.assert_allclose` na kiwango cha uvumilivu mlichokubaliana.

Tofauti kubwa, hata hivyo, msiisamehe kwa kisingizio hicho. Kabla ya NumPy 2.0, iliyotoka mwaka 2024, namba kamili za kawaida kwenye Windows zilikuwa za biti 32 wakati Linux na macOS za biti 64 zilitumia biti 64, na jumla kubwa ilifurika kimyakimya bila kosa lolote kuonekana. Halafu kuna mambo ambayo hakuna kufuli litakaloyagusa: `os.listdir` haina mpangilio wa uhakika, kwa hiyo ipitisheni kwenye `sorted`; `open` bila `encoding="utf-8"` inaweza kusoma herufi kwa namna nyingine kwenye Windows; na `Data.csv` iliyoitwa `data.csv` kwa kawaida hufunguka kwenye macOS na Windows lakini hukataa kwenye Linux.

mchambuzi_data

Nawashukuru sana. Kontena halitufai kwa kazi ya kila siku, kwa hiyo tunaelekea kwenye Pixi. Swali dogo: kuna huduma yetu inayotumia `uvloop`, maktaba ya kuharakisha `asyncio` ya Python, ambayo haipo kwa Windows. Je, inaharibu mpango wote?

fundi_vifurushi

Haiharibu. Iwekeni chini ya `[target.linux-64.dependencies]`, na kama mnaihitaji kwenye macOS, mrudie sehemu hiyo kwa `osx-arm64`. Msimbo nao ujaribu kuiita na, isipokuwapo, uendelee na `asyncio` ya kawaida. Kisha wekeni majaribio ya kiotomatiki yanayojenga mazingira kutoka kwenye kufuli kwa `pixi install --locked` katika mifumo yote mitatu kila msimbo unapobadilika. Amri hiyo hukataa kuendelea iwapo mtu amebadilisha `pixi.toml` akasahau kusasisha kufuli.